Betri ya Kulishwa

Leo nimepatikana. Na sikupatikana pembeni, mtu akaninong'oneza, tukayamaliza. Nimepatikana mbele ya waumini wote wa kigango cha Magamba, watu wamevaa nguo za Jumapili na wana njaa. Kama hamjawahi kuaibika mbele ya watu ambao hawajala, hamjui aibu ina uzito gani.

Nawaandikia nyie wenzangu wa stesheni ya Kaliua kabla jua halijazama, kwa sababu najua kisa hiki kitapanda treni na kitafika hapo kabla ya mizigo. Afadhali mkisome kwangu. Wengine watakitia chumvi, na chumvi ya leo imetosha.

Mnanijua. Niliondoka darasa la tano na sijarudi kuulizia kiti changu. Tangu hapo nimebeba magunia nanyi, nimechekecha mchanga wa dhahabu, nimechunga ng'ombe wa watu, nimefyatua matofali Sitalike mpaka tembo wakatoka hifadhini kuja kuyakagua. (Hawakuridhika. Waliyakanyaga yote.) Kila mahali nakaa mpaka nielewe jambo moja jipya, kisha miguu inaniwasha, naondoka. Sijawahi kufukuzwa kazi. Siku zote naondoka kabla wenyewe hawajalifikiria.

Hapa Magamba nina miezi minne. Nimehifadhiwa na Mama Nestori, mjane wa makamo aliyekulia Katumba, makazi ya wakimbizi wa Burundi, mwenye sauti ya kuongoza kwaya na mkono wa kuongoza jembe. Namlimia, ananilisha, nalala kwenye kibanda chake cha mahindi. Ni mtu mwema. Kumbukeni hilo, kwa sababu kuna mahali huko mbele hatasikika kama mtu mwema.

Mama Nestori ndiye mtunza vyombo wa akina mama wa jumuiya. Chumbani kwake kuna seti ya sufuria tano za aluminiamu. Kubwa inaimeza ndogo, ndogo inaimeza iliyo ndogo zaidi, mpaka ile ya mwisho ya chai ya padre. Akina mama walilima shamba la karanga la pamoja misimu miwili ili wazipate. Kila moja ina herufi za jumuiya zilizotobolewa kwa msumari ukingoni, isije ikapotelea msibani. Hazipikiwi chakula cha nyumbani. Zinatoka kwa harusi, kwa msiba na kwa sikukuu ya mavuno, basi. Kuna watu wazima hapa kijijini ambao hawaheshimiwi kama zile sufuria. Mmoja wao ni mimi.

Yote yalianza na redio. Mama Nestori ana redio ya betri mbili, na betri zenyewe zilikuwa zimeanikwa juu ya bati, zimechemshwa, zimeng'atwa matakoni, zimefanyiwa kila kitu isipokuwa kuombewa misa. Redio ilibaki na sauti ya mtu anayezama. Mama Nestori akaitazama, akasema, "Yewe, hata mgonjwa wa malaria anaongea kuliko hii."

Nikamwambia nitampatia umeme usiohitaji duka.

Msicheke bado. Mnamkumbuka yule mzee wa simu za reli, aliyetuhadithia kwamba zamani simu za stesheni zilitumia betri za mitungi ya kioo, betri zinazovuta hewa? Nyie mlimsikiliza kwa sababu alikuwa na sigara. Mimi nilimsikiliza kweli. Halafu mwaka jana, Sitalike, nilinunua maandazi yaliyofungwa kwenye ukurasa wa gazeti, na ukurasa ule ulieleza umeme wa vile vyombo vinavyopeleka watu angani. Kumbe kule juu hawana jenereta wala betri ya kuchaji. Wana betri ya kulishwa. Upande mmoja inaingia gesi, upande wa pili inaingia hewa, katikati unatoka umeme, na kinachobaki ni maji safi ya kunywa. Ukiacha kuilisha inalala. Ukiilisha inaamka. Gazeti likasema siku moja betri za namna hiyo zitawasha hospitali umeme ukikatika, na zitawasha vijiji ambavyo nguzo hazijafika.

Nilisoma nimesimama, maandazi yakapoa. Ukurasa ukakatika palepale ulipoanza kueleza habari ya chakula cha betri zenyewe. Nusu ya pili alikuwa ameondoka nayo mteja aliyenitangulia. (Akina mama wa Magamba wangependa sana kuonana na mteja huyo.)

Gesi ya angani sina. Lakini mzee wa simu alisema hata madini meupe, zinki au aluminiamu, ukiweka na mkaa, maji ya chumvi na hewa, umeme unatoka. Nikaanza kutafuta hapa Magamba ni nani ana aluminiamu nyingi, safi, iliyokaa bure.

Niliomba ruhusa. Hilo naomba liandikwe. Nilimwambia, "Mama, niazime sufuria za jumuiya. Natia mkaa na maji ya chumvi tu."

Akafikiri. "Motoni haziendi?"

"Haziendi."

"Mkaa na chumvi." Akafikiri tena. "Chumvi tunapikia kila siku. Mkaa tunapikia juu yake. Vitaharibu nini?"

"Kweli, Mama," nikasema, "vitaharibu nini?"

Watu wawili wazima, tumesimama mbele ya sufuria, tunaulizana swali zuri kabisa, na hakuna hata mmoja aliyengoja jibu.

Kazi yenyewe si ngumu. Ndani ya kila sufuria nilitandika kipande cha gunia, nikajaza mkaa uliotwangwa, nikamwagia maji ya chumvi mpaka ukalowa, na katikati nikachomeka ule mti mweusi unaotoka ndani ya betri iliyokufa. Waya ukatoka kwenye mti mweusi wa sufuria hii kwenda ukingoni mwa sufuria ile, mpaka zote tano zikashikana mikono. Nikazipanga juu ya ubao mkavu, nikaunga redio.

Redio ikazungumza. Mama Nestori akashika kifua. Ikasoma habari, ikaimba, ikatangaza vifo vya watu tusiowajua, na sisi tukawasikitikia kwa furaha kubwa.

Kwa wiki tatu nilikuwa mtu. Majirani walikuja na viti vyao. Nilisalimiwa kwa jina la Fundi. Alikuja hata Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini, mzee ambaye hakubali jambo lolote kabla hajalizunguka mara tatu. Alizizunguka sufuria.

"Ng'wanawane," akaniambia, "mwanangu, kitu hiki kinakula nini?"

"Hewa, Mzee."

"Hewa. Basi mbona ng'ombe wangu wanaivuta kutwa na hawashibi?"

Watu walimcheka. Nami nilimcheka, nikamweleza kwa upole kwamba ng'ombe na sayansi ni vitu viwili. (Upole huo umerudi leo kunitembelea.)

Kila baada ya siku chache umeme ulilegea. Nikitoa mkaa nakuta ndani uji mweupe mzito. Naumwaga nyuma ya kibanda, nasugua sufuria kwa mchanga mpaka zing'ae, najaza upya, umeme unarudi. Uji ule nilijua ni nini. Ni uchafu wa chumvi ya dukani. Siku hizi wanachanganya. Nilikwenda hata kumgombeza mwenye duka, mbele ya wateja wake. Akaniambia wengine wote wanapikia chumvi ileile na hawaoni uji. Nikamwambia wengine wote hawana macho ya utafiti.

Habari za umeme wangu zikamfikia Sista Konsolata. Yeye anasimamia zahanati moja ndogo upande wa Usevya. Ana jenereta, na jenereta inakunywa dizeli, na dizeli inatoka Mpanda mjini siku ambayo barabara imekubali. Isipofika, mkunga anashika tochi kwa meno, mikono ikiwa na kazi nyingine. Sista alikuwa anatafuta taa ya akiba ya chumba cha kujifungulia, taa isiyongoja lori. Alikuwa anatafuta pia mtu wa kuitunza taa hiyo pamoja na jenereta. Akatuma ujumbe: atakuja Magamba kwenye sikukuu ya mavuno, ataiona taa kwa macho yake, na ikimridhisha nitapanda gari lake siku hiyohiyo. Kuna chumba cha sakafu ya saruji. Kuna kitanda cha chuma.

Nyie mnajua ninavyoondoka mahali. Nami mwenyewe nilikuwa najisifia hilo. Lakini ni rahisi kuondoka ikiwa hakuna mahali umewahi kuitwa. Huyu aliniita, kwa jina, kwa kazi. Wiki nzima nililala nikihesabu nitakachosema. Nikafua shati mara mbili.

Basi, ndiyo leo.

Asubuhi na mapema akina mama wakajaa uani kwa Mama Nestori. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya sufuria zangu, nafunga waya.

"Haya, Fundi," akasema Mama Nestori, "toa mkaa wako. Tunapeleka jikoni."

"Jikoni, Mama? Leo ndiyo siku ya Sista."

"Leo ndiyo siku ya mavuno. Au watu tuwapikie kwenye kofia yako?"

Wiki tatu zilinitosha kusahau kwamba sufuria zina kazi nyingine hapa duniani. Tukaafikiana. Kubwa tatu ziende jikoni. Ndogo mbili zibaki kwangu, na Mama Nestori akaniongezea sufuria tatu za kwake mwenyewe, anazopikia kila siku, ili taa isikose nguvu. Alizitoa kwa moyo mmoja. Hata sikumwomba.

Zile kubwa nilizisafisha mimi. Ndani zilikuwa na makovu, kama uso wa mtu aliyepona tetekuwanga. Nikajisemea, zimezeeka. Zilizeeka kwa wiki tatu, lakini sikutaka kuingilia mambo ya umri.

Sasa mnajua mama zetu wanavyopika jiko la nje. Kabla ya kubandika sufuria kubwa kwenye mafiga wanaipaka udongo mzito kwa nje, chini na ubavuni, ili masizi yashike udongo na kuosha kuwe rahisi. Na kwa kuwa sufuria hizi ni za jumuiya, Mama Nestori alizipaka kama mtu anayejenga nyumba. Wakajaza maji. Halikudondoka hata tone. Laiti zingevuja pale uani, ningeaibika mbele ya wanawake saba na shughuli ingeishia hapo. Udongo ule uliitunza aibu yangu vizuri mpaka watu walipotimia.

Misa ikaisha. Nje ya kanisa nilikuwa nimeweka meza yenye kitambaa cheupe, sufuria tano zimeshikana mikono, na waya mbili zinaingia kwenye katoni ya sabuni. Balbu ya tochi ilikuwa ndani ya katoni, maana niseme ukweli, mwanga wake ulikuwa rangi ya chai iliyosahauliwa, na jua la mchana lingeudharau. Nilitoboa tundu moja la kuchungulia. Watu wakapanga foleni. Mtu anainama, anachungulia, anainuka na kusema, "Kweli inawaka," kwa sauti ya aliyeona jambo kubwa. Mzee mmoja alirudi foleni mara tatu.

Sista Konsolata akafika. Ni mama mfupi, mwenye miwani na mwendo wa mtu ambaye ana wagonjwa wanaomngoja. Watu wakampisha. Akachungulia muda mrefu.

"Inawaka tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi, Sista."

"Dizeli?"

"Haiijui."

"Chaji?"

"Haichajiwi, Sista. Hii ni betri ya kulishwa." Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno hilo.

"Inalishwa nini?"

"Hewa. Na maji ya chumvi."

"Na chumvi inaisha?"

Nikachovya kidole kwenye sufuria, nikaonja mbele ya umati wote. "Bado iko yote, Sista."

"Kwa hiyo inakula hewa tu."

"Hewa tu."

Akanitazama juu ya miwani. "Mimi nimeweka nadhiri ya ufukara, kaka yangu, na bado ugali nakula. Kitu kinachofanya kazi kutwa kwa kula hewa sijakiona."

"Mimi niliyasema haya," akadakia Mzee Masanja kutoka kwenye foleni. "Nikaambiwa ng'ombe wangu hawajasoma."

Watu wakacheka. Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikapanda. Nikamwambia Sista kwamba mkunga wake anaweza kuiuza ile tochi. Nikamwambia mama yeyote akilala chini ya taa hii atajifungua kwenye mwanga, lori lije lisije, kwa sababu taa hii haina kitu cha kuishiwa. Nilisema hivyo hasa: haina kitu cha kuishiwa. Niliona uso wa Sista unalegea kidogo. Niliona sakafu ya saruji.

Hapo ndipo kitu kilipolia jikoni: chwaaa.

Ilikuwa sauti ya moto unaomwagiwa. Wingu jeupe la mvuke na majivu likapanda juu ya sufuria ya wali. Udongo ulikuwa umekauka, ukapasuka, ukabanduka vipande vipande, na maji yakapata njia zake. Kabla watu hawajageuka vizuri, jiko la maharage nalo likaitika: chwaaa. La tatu, la nyama, halikupiga kelele. Mchuzi ulishuka taratibu kwenye mafiga, ukatambaa chini kwa vijito vyembamba, na mbwa wakafika kabla ya wazee wa kanisa.

"Ondoeni," nilisikia Mama Nestori akisema. "Ipueni zote. Mimina kwenye beseni."

Wakamimina wali uliokuwa nusu mchele kwenye beseni. Mama Nestori akaishika ile sufuria kubwa kwa kitambaa, akaifuta udongo chini, akaiinua juu, akaielekeza kwenye jua ili aangalie imepasuka wapi.

Haikuwa imepasuka. Ilikuwa imetobolewa. Jua lilipita kwa vitundu vingi vidogo vidogo, likamdondokea usoni, kwenye kitenge, kwenye mikono, kama mtu aliyenyunyiziwa mwanga. Akaigeuza taratibu, na madoa yale yakatembea juu ya watu wote waliosimama, yakapanda mpaka kwenye vazi jeupe la Sista.

Mzee Masanja akasogea. "Taa hiyo nzuri," akasema. "Haina hata waya."

Mama mmoja akaanza kuhesabu matundu, akafika arobaini, akaacha. Herufi za ukingoni walitoboa wao. Za chini hazikuwa herufi, lakini kila mtu alizisoma, na zilisomeka jina langu.

Foleni yangu ikayeyuka. Ndani ya katoni balbu iliendelea kuwaka bila wasiwasi wowote, kama mgeni ambaye hajaambiwa kuna msiba.

Sista hakwenda jikoni. Alirudi mezani kwangu. Akainua kona ya gunia lililolowa kwenye moja ya zile sufuria ndogo za jumuiya, akachota ule uji mweupe kwa kidole, akausugua. Kisha akatoa kalamu mfukoni, akachokoa ubavu wa sufuria kwa ndani. Kalamu ikatokea upande wa pili.

"Uji huu unaotokea," akaniuliza, "huwa unaumwaga?"

"Ndiyo, Sista."

"Wapi?"

"Nyuma ya kibanda."

"Basi sufuria za akina mama ziko nyuma ya kibanda." Hakupandisha sauti. "Hewa inavutwa, hilo ni kweli. Lakini hata moto unavuta hewa, na hakuna anayesema moto unakula hewa tu. Kuni za betri yako ni sufuria."

Nusu ya ukurasa niliyoikosa Sitalike nimesomewa leo, mbele ya kanisa, bure.

Mama Nestori alikuwa amesogea, sufuria ya jumuiya mkononi. Alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama zile tatu za kwake pale mezani.

"Na zangu?"

"Hizo ni za leo tu, Mama. Zimekula kidogo. Zimeliwa kidogo."

Akachomoa waya mwenyewe, mmoja mmoja. Balbu ikazima. Hakuna aliyelalamika.

Wakati huo akina mama wa jumuiya walikuwa wamenizunguka, na wawili walikuwa bado na miiko mikononi, ile mirefu ya kupikia ugali wa wengi. Mmoja akataka kujua mwendawazimu huyu alizipata wapi sufuria zilizofungiwa chumbani. Nilifungua mdomo. Nilikuwa nayo ile ruhusa, nimeibeba wiki tatu kama cheti. Nikamtazama Mama Nestori, nikaufunga mdomo. (Mara ya kwanza leo. Nilichelewa, lakini niliufunga.)

"Ruhusa nilitoa mimi," akasema yeye. "Redio nilisikiliza mimi. Mkitaka kumpiga, tupangeni wawili." Halafu akanigeukia. "Na wewe, umesimama kama nguzo isiyo na umeme. Nenda ukaazime sufuria. Nyumba kwa nyumba. Watu wale."

Ndiyo, nilitumwa mimi. Kati ya watu wote wa Magamba, mimi ndiye niliyepita milangoni kuazima sufuria. Kila mlango niliobisha, kabla sijamaliza kusema hodi, niliulizwa kama sufuria inakwenda kupikia au inakwenda kuliwa. Bibi mmoja alinipa ya kwake, kisha akanifuata nyuma mpaka jikoni, akakaa kwenye kigoda karibu nayo, hakuiacha mpaka ilipooshwa.

Sufuria ya nyama, yenye matundu machache, waliiziba kwa ugali mgumu, ikavumilia. Maharage yaligawanywa kwenye vyungu na masufuria ya watu kumi. Wali ulipikwa upya kwa mafungu. Watu wakala wakati jua limeanza kuegemea upande, na wakala wote. Majivu yalikuwemo kidogo. Kila aliyetafuna jivu aliinua macho kunitafuta nilipo, akaniona, akaendelea kutafuna. Nilikula nimesimama, upande wa mbwa.

Sista akaniita kwenye gari lake. Nikaenda na shati langu lililofuliwa mara mbili na kupakwa masizi mara moja.

"Hukunidanganya," akasema. "Ulikuwa hujui, ukasema unajua. Lakini mama akiwa katikati ya uchungu, taa inazima sawasawa kwa yote mawili."

"Ndiyo, Sista."

"Betri yenyewe siyo upuuzi. Vyombo vibovu vimejaa kila nyumba. Mtu akiniambia sufuria mbovu moja inawasha balbu siku ngapi, na ya akiba iko wapi, nitamsikiliza. Unajua inawasha siku ngapi?"

"Sijui."

Neno hilo nilikuwa sijalitumia tangu redio ilipozungumza. Lilitoka na kutu.

"Kazi ya taa sikupi," akasema. Hakuongeza kitu cha kulilainisha. Sakafu ya saruji ikaondoka. Kitanda cha chuma kikaifuata. Nikakunja mikono nyuma ili isionekane haina kazi.

Akawasha gari, akaangalia kioo, kisha akateremsha dirisha tena.

"Kuna nafasi ya kuchota maji," akasema. "Kisima kiko mbali. Chumba kipo, cha udongo. Ukiwa na nafasi unaweza kuhesabu hizo siku za balbu, kwa vyombo nitakavyokupa mimi." Akaingiza gia. "Ndoo zetu ni za plastiki."

Gari likaondoka. Mama Nestori, aliyekuwa amesikia yote kwa sababu alikuwa amesimama pale ili asikie yote, alisema nitakwenda Usevya, lakini siyo kesho. Kesho nazibeba sufuria tano kichwani mpaka Mpanda mjini kwa fundi wa kuziba, kwa miguu, katikati ya barabara, ili kila anayetaka kuuliza aulize. Na msimu wa karanga nirudi. Mistari yangu kwenye shamba la jumuiya imeshapimwa, na ni ile ya upande wenye mawe. Nikasema ndiyo, Mama. Kwa hiyo mimi, ambaye sijawahi kungojwa popote, sasa nangojwa sehemu mbili, na zote ni za kuinama.

Ndiyo hali yangu. Chekeni, siwezi kuwazuia, hapo stesheni hakuna kazi nyingine. Ila mama yangu akipita hapo kuulizia habari zangu, mwambieni nimeajiriwa zahanati. Akiuliza ni kazi gani, mwambieni barua iliishia hapo.